Fungurume: Masomo ya takwimu kwenye simu na hesabu ya depo

Fungurume, jimbo la Lualaba – Hapa kwetu watu wengi wanalipwa kwa namba ambayo hawakuipima wenyewe. Mchimbaji anabeba mfuko wa mawe mpaka depo. Mnunuzi anashika mashine yenye umbo la bastola, ile watu wanaiita metorex, anaielekeza kwenye mawe, sekunde chache zinapita, na kioo kinaonyesha kiwango cha shaba: mbili virgule tatu. Kutoka kwa namba hiyo wanapata bei ya kilo, na kutoka kwa bei wanapata chakula cha jioni, pesa ya shule ya watoto na deni la dukani. Mazungumzo yamekwisha. Namba imesema.

Mwanamke kijana mmoja wa miaka 26 ndiye anaandika daftari la kundi la wachimbaji tisa wa hapa. Ana diploma ya Serikali, sehemu ya biashara, na mwandiko wake unasomeka. Kazi yake ni kuandika kilo, kiwango, bei, na fungu la kila mtu baada ya mwenye kishimo kutoa gharama zake. Mdogo wake ni mmoja wa wale tisa. Mwaka jana, kabla ya mvua kuanza, daftari hilo lilimletea shida kubwa.

Siku moja kundi liliuza mifuko kutoka kishimo kimoja. Mfuko wa kwanza mashine ilisema 4,1. Mwingine, uliotoka mahali palepale siku ileile, mashine ilisema 2,3. Jioni wakati wa kugawana, mmoja wa wakubwa wa kundi alimwuliza mbele ya watu wote:

– Dada, mawe ni ya kishimo kimoja. Namba zinaachana namna gani? Ao wewe na mwenye depo munajuana?

Mdogo wake alikaa kimya. Ukimya huo ulimuumiza kuliko lile swali. Yeye alijua kwamba hakula franga ya mtu. Lakini kujua moyoni ni jambo moja, na kuonyesha watu tisa waliochoka, wenye njaa, ni jambo lingine. Hakuwa na maneno ya kueleza kwa nini mawe ya kishimo kimoja yanaweza kutoa namba mbili tofauti. Hakujua hata kama inawezekana.

Malalamiko juu ya vipimo vya depo si mapya katika Lualaba. Mwezi wa Januari 2016, Amnesty International pamoja na Afrewatch ya Lubumbashi walitoa ripoti juu ya kobalti ya Kongo, na ndani yake wachimbaji wadogo wa upande wa Kolwezi walieleza kwamba hawana njia yao wenyewe ya kuhakikisha uzito na kiwango. Mnunuzi ndiye mwenye mizani, mnunuzi ndiye mwenye mashine. Tangu hapo mambo mengi yamesemwa, lakini mtu anayesimama mbele ya depo na mfuko begani bado anauliza swali lilelile: namba hii imetoka wapi?

Usiku ule mwandishi wa daftari alianza kutafuta jibu kwenye simu yake. Alikumbuka kwamba shuleni walisoma kidogo somo la statistiki, ambalo kwa Kiswahili linaitwa takwimu. Walinakili ubaoni maana ya wastani, wakafanya mazoezi mawili, kisha mwaka ukaisha. Akaandika kwa Kifaransa neno la somo hilo pamoja na neno «probabilité», yaani uwezekano, akabonyeza.

Video zilizokuja kwanza zilikuwa za pari ya mpira. Vijana wenye miwani na magari ya kifahari waliahidi kufundisha «uwezekano» wa kushinda kila wikendi. Wengi wanaishia hapo. Yeye pia alitazama mbili, akapoteza mega zake. Baadaye, alipokwisha kusoma kidogo, alipiga hesabu ya tiketi moja ya mdogo wake. Mechi 5, na hata kama kila timu ina nafasi 60 kwa 100 ya kushinda, unazidisha 0,6 mara tano kwa yenyewe, unapata karibu 0,08. Maana yake, tiketi kama 8 tu kati ya 100 ndizo zitapita. Mdogo wake alitazama hesabu ile kwa muda mrefu, akasema labda timu zake ni nzuri zaidi. Walicheka wote wawili, mara ya kwanza tangu siku ya ugomvi.

Kizuizi cha pili kilikuwa kinyume cha kile cha kwanza: video za kweli, nzuri, za bure, lakini za juu mno. Chuo cha MIT cha Marekani kimeweka mtandaoni masomo yote ya uwezekano ya profesa John Tsitsiklis. Harvard kuna masomo ya Joe Blitzstein yanayoitwa Statistics 110, zaidi ya vipindi 30. Walimu hawa wanasifiwa dunia nzima. Lakini wanazungumza Kiingereza, na wanaomba mwanafunzi awe amekwisha kusoma hesabu za chuo kikuu. Mtu wa Fungurume anayeanzia hapo anafunga simu baada ya dakika kumi na kusema kwamba takwimu si kazi ya watu kama yeye. Sababu ni kwamba ameingilia mlango wa ghorofa ya tatu.

Ilimchukua karibu majuma mawili kuelewa kwamba somo hili lina ngazi tatu, na kwamba wenye video mara nyingi hawasemi wako ngazi gani. Ngazi ya kwanza ni kueleza namba ulizonazo: wastani, namba ya katikati, namba zimetawanyika kiasi gani. Ya pili ni uwezekano: sarafu, kete, karata, mara ngapi kwa mia. Ya tatu ndiyo inayounganisha zile mbili: ukipima kidogo, unaweza kusema nini juu ya kitu kizima? Swali lake la mfuko lilikuwa ngazi ya tatu. Lakini hakuna njia ya kufika pale bila kupita kwa mbili za kwanza.

Kwa Kifaransa alipata watu wawili waliomsaidia. Mmoja ni Yvan Monka, mwalimu wa hesabu wa upande wa Strasbourg nchini Ufaransa, ambaye video zake zinaitwa m@ths et tiques. Ni fupi, anaandika ubaoni pole pole, na kila video ina zoezi moja. Mwingine ni Khan Academy. Hiyo ilianzishwa na Mmarekani Salman Khan, aliyekuwa akimfundisha hesabu binamu yake kwa mbali, kisha akaanza kuweka video kwenye YouTube mwaka 2006. Leo ni shirika lisilotafuta faida, video zake nyingi zimetafsiriwa kwa Kifaransa, na hakuna kulipa. Faida yake kubwa ni kwamba masomo yamepangwa kwa mstari, na baada ya kila video kuna maswali. Ukikosea, unarudi.

Juu ya mega, alijifunza jambo ambalo kila mtu anayetaka kusoma hapa anapaswa kulijua. Video ya dakika 10 ikichezwa kwa picha ya hali ya juu inaweza kula zaidi ya mega 100. Ileile ikichezwa kwa picha ya chini kabisa, ile ya 144, inakula sehemu ndogo tu ya hizo. Na katika somo la hesabu, unachohitaji ni kusikia sauti na kuona namba. Kwa hiyo alishusha picha, akangoja usiku wakati mtandao unapumua, akapakua video tatu nne na kuzitazama kesho yake mara mbili mbili bila kulipa tena. Umeme ulipokatika alisoma kwenye daftari.

Ni katika ngazi ya tatu ndipo alipokuta shimo lao wenyewe.

Mwalimu wa video alieleza kwamba sampuli ni sehemu ndogo unayochukua ili kujua hali ya kitu kizima. Mama yake, aliyekuwa akipika sombe karibu naye, alisikia akasema: «Si ni kama kuonja chumvi? Usipokoroga sufuria, kijiko kinakudanganya.» Ndivyo ilivyo. Metorex inapiga miale kwenye jiwe, na kila madini yanarudisha miale yake, lakini inatazama doa dogo tu, karibu upana wa ukucha wa kidole gumba. Mfuko wa kilo 50 una mawe makubwa, madogo na vumbi. Doa moja ni kama kijiko kimoja kutoka sufuria isiyokorogwa.

Alipozidi kutafuta alikuta kwamba watu walioanzisha elimu ya kupima mawe kwa sampuli waliianza hapa hapa Afrika. Mwaka 1946 mhandisi kijana wa Ufaransa, Pierre Gy, alifika kwenye mgodi wa madini ya risasi wa M'Fouati, ng'ambo ya mto, nchi ambayo leo ni Kongo-Brazzaville. Wakubwa wake walioko Paris walimwomba akadirie kiwango cha lundo la mawe la tani kama elfu 200, mawe makubwa na vumbi pamoja. Achukue kiasi gani? Kutoka wapi? Gy alitumia maisha yake kujibu swali hilo, na sheria zake zinafundishwa mpaka leo katika shule za migodi. Moja ni hii: kadiri vipande vya mawe vinavyokuwa vikubwa, ndivyo sampuli inavyopaswa kuwa kubwa. Upande wa Afrika Kusini, mwaka 1951, Danie Krige alitumia takwimu kukadiria dhahabu ya migodi ya Witwatersrand, na njia iliyotokana na kazi yake inaitwa kwa jina lake duniani kote. Migodi mikubwa inalipa wahandisi kwa elimu hii. Mchimbaji mdogo anauza mawe yaleyale bila hiyo.

Mwandishi wa daftari aliomba mwenye depo mmoja ampimie mfuko mmoja mara tano, mahali patano tofauti. Mwenye depo alikubali, kwa sababu siku ile wateja walikuwa wachache. Namba zilikuwa hizi: 2,1 – 3,4 – 2,6 – 4,9 – 2,0.

Nyumbani aliketi akahesabu. Jumla ni 15, wastani ni 3. Kisha akatafuta mtawanyiko kama alivyofundishwa: kila namba iko mbali na 3 kiasi gani, unazidisha umbali huo kwa wenyewe, unajumlisha, unagawanya kwa 4, unatafuta kipeuo cha pili. Akapata karibu 1,2. Kwa sampuli ndogo kama hii kuna hesabu iliyotungwa mwaka 1908 na William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha pombe cha Guinness kule Dublin, aliyeandika kwa jina la kujificha, «Student». Yeye pia alikuwa na vipimo vichache na mali ya kuamulia. Kwa njia ya Gosset jibu lilikuwa: kwa vipimo vitano hivi, kiwango cha kweli cha mfuko kinaweza kuwa popote kati ya 1,5 na 4,5.

Alirudia hesabu mara tatu, akidhani amekosea. Hakukosea. Mfuko mmoja, mashine moja, mkono mmoja, na bado namba inaweza kuruka kiasi hicho. Zile 4,1 na 2,3 zilizomletea aibu hazikuhitaji mwizi yeyote ili zitokee.

Video pia ilimwambia dawa. Ukitaka kosa lipungue nusu, unahitaji vipimo karibu mara nne. Vipimo 20 vya mfuko kama ule vingeleta kosa la kama 0,6 kila upande. Lakini depo gani itapima mara 20? Njia nyingine ni kukoroga sufuria: vunja mawe makubwa, changanya vizuri, fanya chungu, kisawazishe, kigawe mafungu manne, ondoa mawili yanayotazamana, changanya tena yaliyobaki, gawa tena. Baada ya mara tatu, kile kidogo kinachobaki kinafanana na mfuko mzima. Kazi hiyo haina gharama ila jasho.

Aliwaeleza wachimbaji. Walisikia, lakini mmoja alisema jambo lenye akili: «Sawa, namba zinaruka. Lakini kama mashine ya depo inaruka siku zote upande wa chini?» Hilo ni swali la kweli, na takwimu inalitenga na lile la kwanza. Kuna kosa la bahati, ambalo leo linakuumiza na kesho linakusaidia, na vipimo vingi vinalipunguza. Na kuna kosa la upande mmoja, ambalo hata upime mara elfu moja linabaki palepale.

Wakakubaliana kufanya jaribio. Mifuko 10 ilichanganywa vizuri, na sampuli ya kila mfuko ikagawanywa mafungu mawili: moja likapimwa kwenye depo yao ya kawaida, lingine kwenye depo nyingine ya mbali. Kama mashine zote mbili ni sawa, depo ya kwanza kuwa chini ni kama kurusha sarafu. Ikiwa chini mara 10 kwa 10, bahati peke yake inaweza kufanya hivyo mara 1 tu kwa 1 024, na hapo kundi lina haki ya kupiga kelele. Alisema hayo yote kabla ya kupima, na aliyaandika mbele yao. Jambo hili alilifuata kwa makusudi: video ilimfundisha kwamba mtu anayechagua sheria baada ya kuona namba atapata siku zote kile alichotaka kupata.

Matokeo: depo ya kwanza ilikuwa chini mara 6, juu mara 4.

Watu walifurahi. «Sita! Si umeona?» Hapo ndipo kazi yake ilikuwa ngumu kuliko siku zote. Sarafu safi ikirushwa mara 10 inaweza kuanguka upande mmoja uliouchagua mara 6 au zaidi karibu mara 38 kwa 100. Ni jambo la kila siku. Kama angenyamaza, kundi lingemwona shujaa, na maneno mabaya juu yake yangeisha. Badala yake aliwaambia: kwa namba hizi hatuwezi kusema kwamba mashine inatuibia. Labda mifuko 10 haitoshi kuonyesha wizi mdogo, lakini wizi mkubwa ungeonekana. Mkubwa yule aliyemshutumu mara ya kwanza alisimama akaondoka. Wengine walisema afadhali daftari lipewe mtu mwingine.

Mdogo wake ndiye aliyesema safari hii: «Angetaka kutudanganya, angesema ile mulitaka kusikia.»

Usiku huo alifungua kurasa za nyuma za daftari lake. Kwa kuwa alikuwa na desturi ya kuandika kila kitu, kila mauzo yalikuwa na namba mbili: kiwango kilichoonekana kwenye kioo, na kiwango ambacho depo ililipia. Alikuwa ameziandika miezi mingi bila kuzitazama pamoja. Sasa alizipanga katika safu mbili, kama walivyofanya kwenye video ya kwanza kabisa, ile ya ngazi ya kwanza.

Mashine inasema 3,7, wamelipwa 3. Mashine inasema 2,9, wamelipwa 2. Mashine inasema 4,2, wamelipwa 4. Hakuna hata mara moja ambapo 3,9 ililipwa 4. Mashine ilisema kweli. Mkono ulioandika risiti ulikata kila kilichokuja baada ya virgule.

Kila mtu kundini alijua hilo. Ilikuwa desturi ya depo, na hakuna aliyeona ubaya, kwa kuwa kila mara kilichokatwa kilikuwa kidogo: pointi 0,2 hapa, 0,7 pale. Lakini hilo ndilo kosa la upande mmoja walilokuwa wakilitafuta. Ukisawazisha namba kwa haki, yaani 3,7 iwe 4 na 3,2 iwe 3, mwisho wa mwezi hasara na faida zinakutana. Ukikata siku zote kwenda chini, hazikutani kamwe. Kwa wastani unapoteza karibu nusu pointi kila mauzo. Katika mauzo 40 ya daftari lake, vilivyokatwa vilifika pointi 18,4 jumla, sawa na 0,46 kila mara. Wastani wa kiwango chao ulikuwa 3,3. Kama bei ingekuwa inaenda sawasawa na kiwango, ni kama mfuko mmoja kati ya kila saba ulitolewa bure.

Safari hii hakuhitaji hesabu ya Gosset wala sarafu. Alipeleka kurasa nne kwa mwenye kishimo, na mwenye kishimo, ambaye hakusoma sana lakini anajua kujumlisha kuliko watu wengi, alizipitia kwa kidole mstari kwa mstari. Kesho yake walikwenda depo watatu. Hawakutukana mtu. Walisema: mashine yenu tumeijaribu, tunaiamini, basi nanyi iaminini, mulipe ile inayosema.

Mwenye depo alikataa pointi zote. Alisema bei anayopewa na wanaonunua kwake nayo inakatwa. Baada ya mazungumzo marefu, na baada ya kuambiwa kwamba depo ya mbali imekubali kufikiri, alikubali kulipa kwa nusu: 3,7 italipwa 3,5, na 3,2 italipwa 3. Bado inakatwa kwenda chini, lakini hasara kwa wastani inashuka kutoka karibu 0,45 hadi karibu 0,2. Si ushindi wa kupiga ngoma. Ni fungu la kila mtu limeongezeka kidogo, na daftari limebaki mkononi mwa yule aliyelishika.

Mkubwa aliyeondoka kwa hasira alirudi baada ya siku chache. Hakuomba msamaha. Alimwomba amfundishe mtoto wake, anayejiandaa kwa Exetat.

Sasa kila Jumapili baada ya ibada, wanafunzi wanne watano wa darasa la mwisho wanakaa naye chini ya mwembe. Video zimewekwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, kwa hiyo mmoja akinunua mega wote wanasoma. Zoezi wanalolipenda ni la mtihani wenyewe. Ikiwa swali lina majibu 5 na moja tu ni la kweli, anayebahatisha maswali 10 atapata 2 kwa wastani, na nafasi ya kupata 5 au zaidi ni kama 3 kwa 100. Mtoto mmoja alisema hesabu hii imemrudisha kwenye vitabu kuliko fimbo.

Wanazungumza pia juu ya namba za nchi. Kongo ilihesabu watu wake wote kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Tangu hapo, mtu akisema wakaaji wa nchi ni kiasi fulani, ni makadirio. Uchunguzi wa afya wa 2013-2014 uliingia katika nyumba zaidi ya elfu 18 tu, na kutoka kwa hizo ukasema hali ya watoto wa nchi nzima. Zamani wanafunzi hawa wangesema ni uongo. Sasa wanauliza: nyumba zilichaguliwa namna gani? Sufuria ilikorogwa?

Kwa anayetaka kuanza, njia aliyoipita yeye inaweza kufupishwa hivi. Usianze na neno uwezekano, litakuleta kwa watu wa pari. Anza na wastani na mtawanyiko. Fuata mwalimu mmoja mpaka mwisho wa ngazi kabla ya kuhamia kwa mwingine. Shusha picha, pakua usiku, tazama mara mbili, fanya mazoezi kwa karatasi. Ukiwa umemaliza ngazi ya tatu na una kompyuta, jukwaa la Ufaransa liitwalo FUN, lililoanzishwa mwaka 2013, limewahi kutoa bure masomo ya profesa Bruno Falissard ya takwimu kwa programu ya R, na R yenyewe hailipiwi. Shule isiyo na mtandao inaweza kuulizia Kolibri, programu inayohifadhi video za Khan Academy na nyingine ndani ya kompyuta moja, na wanafunzi wanazitazama bila mega hata moja.

Na tafuta namba za kwako mwenyewe za kufanyia mazoezi: kilo za mahindi, bei ya makaa kila Jumamosi, siku za umeme na siku za giza. Andika zote, zile zinazokupendeza na zile zisizokupendeza. Daftari la kundi la wachimbaji tisa sasa lina safu sita badala ya mbili: kilo, namba ya kwanza, ya pili na ya tatu za mashine, wastani, na kile kilicholipwa.